Kulia kwa kanzu

Jamani, leo nusura nimuunguze Zuhura, binti wa dada yangu!

Ana miaka minne. Namfundisha kulia na kushoto kwa kanzu niliyotundika ukutani. Kulia ni upande wa mvaaji, si wako unayetazama. Fundi cherehani kama mimi mtaa mzima wa Muhima hakuna.

Basi tumesimama uso kwa uso, pasi ya makaa ikaniponyoka, makaa yakamwagika karibu na miguu yake.

"Ruka kulia!"

Wallahi, kulia kwake ndiko kwenye moto! Nilisema kulia kwangu mimi.



Mtoto akanisoma kama ile kanzu, akaruka upande wa mkono wangu wa kulia. Hata ukucha haukuungua!

Dada alisikia nilivyopiga kelele, akaingia mbio. "Kaka, ulimwambia kulia kwa nani?"

Nikainama kuzoa makaa. Dada akambeba mwanawe, akaondoka.

Semeni nyinyi: nani amefundisha vizuri kuliko mimi?