Mikono Mbele ya Dirisha

Fundi cherehani huyu hakuwahi kukata nguo kwa kukisia. Ukimpelekea picha ya gauni, ataitazama, atakurudishia, kisha atakuambia usimame wima, upumue kama kawaida, usijibane tumbo. Ukimwambia una haraka, atumie vipimo vya dada yako kwa sababu mnalingana, atakujibu kwamba hata mabega yako mwenyewe hayalingani. Watu walimwona mkaidi, na kusema kweli alikuwa mkaidi, ila nguo zake zilikaa mwilini. Kwa hiyo kamati ya kanisa ilipomtaka adarizi mikono ya Mungu, swali lake la kwanza lilikuwa atampima nani.

Kazi yenyewe ilitokana na jua. Nyuma ya madhabahu palikuwa na dirisha pana, na kila Jumapili asubuhi jua liliwachoma waumini machoni, mahubiri yakasikilizwa na watu waliokunja nyuso. Kamati ikaamua litundikwe pazia zito la buluu, na juu yake mikono miwili ya Baba, imefunguka, inapokea. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado alizungumza na watu wazima kana kwamba wamechelewa mstarini, alikuja mwenyewe kutoa maelekezo.

"Iwe mikono yenye nguvu," alisema. "Mtu akiiona ajue yuko salama."

Fundi alianza na mume wake, dereva wa lori. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afungue viganja kama anayepokea kitu. Mume akakunja vidole kama aliyeshika usukani. Akarekebishwa, akakunja tena.

"Mke wangu, miaka ishirini nashika kitu kimoja," alisema. "Leo unataka niwe Mungu kabla sijanywa chai."

Fundi akamfukuza chumbani.

Siku ya tatu alimwona mama yake uani, anamnawisha mjukuu uso. Alikuwa amekinga maji viganjani, hayavuji hata tone, na mtoto ameinamisha uso mle ndani bila wasiwasi wowote. Mama huyu alifua nguo za watu kwa miaka arobaini, na kukamua mashuka ya wengine ndiko kulikomlisha fundi na ndugu zake watatu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, gumba la kulia limepinda kuelekea nje, na mgongoni mwa mkono kulikuwa na kovu la pasi ya mkaa. Masikio yalikuwa yameanza kumtupa, lakini mikono bado ilikuwa na akili zake zote. Fundi alitandaza karatasi ya kukatia, akamwambia mama aiweke mikono pale vilevile ilivyokuwa imekinga maji, akaizungushia chaki, kisha akaikuza mara tatu.

Alidarizi wiki sita. Kamati ilipokuja kuona, Mwenyekiti alisimama mbele ya pazia akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hii sasa ndiyo mikono ya Baba," alisema. "Tazameni hilo gumba. Huyo ni mwanamume aliyefanya kazi."

Fundi alikuwa na pini mdomoni, na pini zikamsaidia kunyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijilaumu mno. Angesema siku ileile, wakati wote wameshaipenda, wangepata tabu kujirudi.

Pazia likatundikwa. Jumapili ya tatu mama alikwenda mbele kwenye Meza ya Bwana, akakinga viganja kama wanavyofanya wote, pale pale chini ya pazia. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja ambaye hapitwi na jambo, akatazama chini, akatazama juu, akatazama chini tena. Kabla ya wimbo wa mwisho kanisa zima lilikuwa limeshajua kwamba Mungu amepewa mikono ya bibi mfua nguo.

Jumanne fundi akaitwa kwenye kikao. Alikwenda na futi yake ya kupimia shingoni, maana alitoka moja kwa moja kazini.

"Mungu si mwanamke," Mwenyekiti alifungua.

"Sijasema ni mwanamke, mzee. Ninyi ndio mliosema ni mwanamume." Akaishika futi. "Mimi ndiye fundi wa vipimo hapa. Nani kati yenu amempima?"

Fundi akaendelea, kwa sababu alishaanza. Akawakumbusha nabii aliyesema kwamba Mungu atawatuliza watu wake kama mama anavyomtuliza mtoto. Akawakumbusha kwamba Yesu mwenyewe alitamani kuwakusanya watu kama kuku anavyokusanya vifaranga chini ya mabawa, na wote hapo walifuga, walijua jogoo hafanyi kazi hiyo.

"Hiyo ni mifano tu," Mwenyekiti alisema.

"Na hii ni mikono ya uzi tu."

"Bwana alitufundisha kusali, akasema Baba. Hapo hakuna mjadala, mama."

"Nami nasali hivyo hivyo kila siku. Sijawahi kuliruka hilo neno. Nauliza tu, Baba akitaka kumnawisha mtu uso, anatumia mikono ya nani?"

Wote wakamgeukia Mchungaji. Alikuwa kijana, amesoma chuo miaka minne, na ni yeye huyo huyo aliyewafundisha akina mama, fundi akisikia kwa masikio yake, kwamba Mungu hana mwili, na kwamba mwanamume na mwanamke wote wameumbwa kwa mfano wake. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kuna ukweli pande zote," alisema. "Ila Baba Askofu anakuja baada ya miezi miwili. Tusimpokee kwa mabishano."

Hasira ilimpanda fundi. Anayekupinga unaweza kumjibu. Anayejua kwamba una haki, kisha akatazama viatu, utamfanyaje? Kikao kikaamua mikono ifumuliwe, itiwe ya mwanamume, na Mwenyekiti akajitolea yake.

"Matundu ya sindano yatabaki," fundi aliwaonya. "Kitambaa kizito hakijifungi."

"Yatajifunga ukipiga pasi," alisema Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kupiga pasi.

Nyumbani alimweleza mama yote, kwa sauti ya juu ili asikie, na kwa sababu nyingine pia. Alitegemea mama atakasirika pamoja naye. Mama aliendelea kukunja nguo za mjukuu.

"Fumua," alisema. "Sikuomba kuwa Mungu."

"Mama, wanakuona hufai."

"Baba yako aliniacha na ninyi wanne, mdogo hajaanza kutambaa. Mwanamume pekee ambaye hakunihama ni Baba wa mbinguni. Mimi namwita Baba, na nitakufa namwita hivyo."

"Kwa hiyo nawe uko upande wao?"

"Sina upande. Nina mikono, na imechoka kusemwa."

Maneno hayo yakamuudhi fundi kuliko kikao chote. Akafumua uzi baada ya uzi, siku tisa, ameuma meno.

Mwenyekiti alikuja kupimwa amevaa suti. Mikono yake ilikuwa midogo, laini, ina alama ya kalamu kwenye kidole cha kati. Akaikalisha juu ya karatasi kama anayesubiri kupewa faili.

"Kinga, mzee. Kama unamnawisha mtoto."

Akajaribu. Palikuwa na nafasi kila mahali.

"Nimelea watoto sita," alisema kujitetea.

"Uliwanawisha?"

"Hiyo ilikuwa kazi ya mama yao."

Mama wa fundi, aliyekuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akainuka. Aliishika mikono ya Mwenyekiti bila kumwomba ruhusa, akaibana vidole, akasukuma gumba mahali pake. "Hivi," alisema. "Ukiacha nafasi, maji yote yanaishia miguuni." Mwenyekiti akatulia hivyo hivyo mpaka chaki ikamaliza kuzunguka. Alipoona umbo kwenye karatasi, aliuliza kwa sauti ya chini kama haiwezi kuongezwa kidogo.

"Nakuza mara tatu, kama ile ya kwanza," fundi alisema. "Zaidi ya hapo haitakuwa yako."

Pazia lilitundikwa upya Jumamosi jioni, jua likiwa upande wa pili, na hakuna aliyeona kitu. Jumapili asubuhi askofu alipopanda madhabahuni, jua lilikuwa limeshafika dirishani. Fundi alikuwa amelifua pazia na kulipiga pasi mara tano, lakini matundu yalikuwa yamebaki yote, na mwanga ukapenya katika kila moja. Mikono ya Mwenyekiti ilikaa katikati, na kuizunguka pande zote ilikuwepo ile mingine mikubwa, vifundo vyake, kovu lake, na gumba limepinda kuelekea nje.

Askofu aligeuka, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani alipata wazo hili?" alisema. "Mikono midogo ya mwanadamu, dhaifu, imebebwa ndani ya mikono mikubwa ya Baba. Mwenyekiti, sivyo?"

Mwenyekiti alificha viganja vyake mapajani. "Ndivyo, Baba Askofu," alisema.

Fundi alimtafuta Mchungaji kwa macho. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake tena. Hasira ya miezi miwili ikamrudia fundi, akashika benchi la mbele ili asimame aseme. Hapo mama, ambaye hakusikia vizuri, akamvuta mkono, akauliza kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe:

"Amesema ile mikubwa ni ya nani?"

Kanisa lote likageuka. Kiongozi wa kwaya aliinua shingo. Fundi alimtazama mama yake, akaitazama mikono iliyomlea ikiwa imelala juu ya mkoba, na alichotaka kusema kikamtoka kwa namna nyingine.

"Ya Mungu, mama."

Mama akainua kidevu. Akaikagua polepole, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akikagua kola za watu kabla ya kuzirudisha.

"Kwa gumba lile," alisema, kwa sauti ile ile, "basi naye amefua sana."