Matundu Matatu ya Ngatia

Mwai alibeba magunia kwenye kiwanda cha kahawa Mukurweini mpaka ngiri ikamtokea kinenani. Mwaka wa 1997 alipasuliwa hospitali ya karibu kwa njia ya kawaida: mkato mmoja mrefu, misuli ikashonwa. Alitembea ameinama kwa siku nyingi.

Muda si mrefu shemeji yake, Ngatia, ndugu wa mkewe Waithira, akatibiwa ngiri kama hiyo Nairobi. Yeye aliingizwa kamera kupitia matundu madogo, akawekewa neti ya kushikilia misuli kwa ndani. Alipofika nyumbani aliinua shati mbele ya wageni.

"Matundu tatu tu, shemeji! Wewe walikuchinja kama mbuzi. Ati hata dada yangu anaogopa kukuangalia!"

Watu walicheka. Waithira naye alicheka, na hicho ndicho kilichomkaa Mwai rohoni.

Alipoenda kutolewa nyuzi alimuuliza daktari kuhusu matundu yale.

"Maumivu ni kidogo na ngozi inapona upesi," daktari alisema. "Lakini ndani neti bado haijashika. Huyo shemeji asibebe mzigo mzito sasa. Mwambie."

Mwai hakumwambia.

Jumapili ya harambee ya kanisa, kama desturi, mtu alitoa pesa ili mwenzake afanye jambo mbele ya watu, na asiyetaka alijikomboa kwa kutoa zaidi. Mwai akasimama.

"Natoa yangu, Ngatia azungushe gunia ya viazi kanisa yote!"

"Jikomboe, kaka," Waithira alisihi.

"Nijikomboe nini? Mimi nilitobolewa tu, sikupasuliwa!"

Akalitupa gunia begani huku akina mama wakimpigia vigelegele. Nyuma ya kanisa alipiga magoti, mkono kinenani, viazi vikamwagika.

Daktari wa upasuaji alisema neti imeng'oka, ngiri imerudi, na ndani kumeshapata makovu; safari hii angepitia mbele, kwa kisu. Baada ya upasuaji Mwai alifika wodini, akafunua blanketi bila kuomba ruhusa.

"Mkato huu ni mrefu kuliko wangu, shemeji. Cheka basi."

Ngatia aligeukia ukuta.

"Ulijua?" Waithira aliuliza.

"Daktari aliniambia mapema. Nikanyamaza."

Waithira alivuta kiti karibu na kitanda cha kaka yake, akamwambia mumewe arudi nyumbani peke yake. Mwai alishika njia akipiga mluzi, na mpaka anafika hakuwa ameona sababu ya kuunyamazisha.