Ufunguo wa Tao la Kirungu

Sikutoka Kalemie kwa kupenda. Mimi ni mtu wa kiti changu cha barazani. Hata bandarini huwa naenda nikilalamika. Lakini katika kamati ya kanisa dogo la mtaa wetu, ni mimi peke yangu niliyemaliza sekondari, na Mama Odila, mkuu wetu, alitaka mlango wenye tao kama matao ya kanisa kubwa la Kirungu. Nikafungua kitabu cha Kifaransa. Kilisema tao halisimami bila clé, na clé kwa Kifaransa ni ufunguo. Nikatangaza: "Unatakiwa ufunguo!"

Papa Kisimba, fundi wetu, akajenga pande mbili za tao juu ya mbao, akaacha nafasi katikati.

"Papa, ule ufunguo uko wapi?" akaniuliza.

"Uko Kirungu," nikasema, maana watu wote walikuwa wananitazama.

"Basi uende kuuleta," akasema Mama Odila. "Sikukuu yetu njo siku ya Mungu, Jumapili hii. Kama mulango haujaisha, wewe njo utasimama pale na kushikilia matofali."

Jumatatu asubuhi nilipanda boti ya Moba. Nyumba za mji hazijapotea nyuma yetu, ziwa lilishapokea chai yangu yote. Mama mmoja muuza mawese akaniuliza kama ni safari yangu ya kwanza. Nikamjibu ni ya mwisho.

Jumanne, kutoka Moba, pikipiki ikapanda milima ya Marungu. Kila penye mwinuko mkali dereva aliniambia nishuke nisukume, kwa hiyo sijui nani alimbeba mwenzake.

Saa nane nikafika Kirungu, meno yanagongana kwa baridi. Katekista, Papa Mulonda, akanizungusha kanisani. Mapadri walilijenga pamoja na babu zetu, akasema, kwa matofali yaliyochomwa palepale, wakiiga makanisa ya Ulaya ya zama za kati: kuta nene, nguzo, matao juu ya matao.

"Wale bantu ba zamani hawakukuwa na simenti yetu hii. Uzito njo ulishika kila kitu."

"Na ufunguo, Papa?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akanyoosha kidole kileleni mwa tao: jiwe moja, pana juu, jembamba chini.

"Ule njo clé. Ukiuingiza katikati, pande mbili zinasukumana, hakuna unaoanguka. Wewe ulitaka kufungua nini?"

Nikamsihi asimwambie mtu yeyote wa Kalemie.

"Kule sina watu, Papa. Niko na dada yangu mumoja tu, Odila."

Ijumaa nilishuka bandarini Kalemie. Akina mama wa kwaya walikuwa wamejipanga, kila mmoja anatikisa funguo za nyumba yake.

Jumamosi Papa Kisimba alichonga jiwe kwa mchoro niliouchora Kirungu, akaligonga mahali pake. Kisha akashika nyundo ya kutolea mbao.

"Mwenye ufunguo asimame chini!"

Nikataka kurudi nyuma. Mama Odila alikuwa amesimama mgongoni pangu. Mbao zikatoka. Vumbi likaniingia shingoni, nikafumba macho, nikangoja. Tao likabaki juu.

Nimejifunza kwamba neno la kitabuni uliulize kwanza kwa fundi. Na kwamba jiwe la katikati halina ushujaa wowote: linasukumwa huku na huku mpaka linakosa pa kuangukia. Mimi, kati ya Papa Kisimba na Mama Odila, nililielewa vizuri sana.