Mpira wa Kijani Kwenye Pipa la Mama

Mama yangu alikuwa akipika waragi, pombe kali ya kienyeji, huko Makindye, nyuma ya nyumba, karibu na kambi ya jeshi aliyotumikia marehemu baba. Vyombo vyake vilikuwa pipa la chuma juu ya moto, bomba la shaba lililopita ndani ya maji baridi, na chupa mwishoni. Mfuniko aliuziba kwa unga wa muhogo uliokandwa. Mimi na cheti changu cha ufundi wa mabomba nilivionea aibu vyombo hivyo. Eti aibu! Hicho cheti chenyewe kililipiwa na pipa hilohilo.

Siku moja bomba likatoboka. Mama akataka kulifunga kwa kitambaa na unga, nikamcheka.

"Mama, hayo mambo ya kijijini. Niachie mimi, mimi ni fundi."

Shaba mpya ilinishinda bei, na sikutaka kukiri. Nikachukua mpira wa maji, ule wa kijani wa kumwagilia bustani, nikaukaza kwa waya. Chuoni tulifundishwa waziwazi kwamba mpira ule haufai kupitisha kitu cha moto. Nilijua, banange, nilijua! Nikajidanganya kwamba maji baridi yataupoza. Bomba la zamani nikalitupa.

Asubuhi tulipowasha moto, mvuke ulipanda, mpira ukalegea ukaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Nikauinua kwa kijiti. Waragi ikatoka, safi kwa macho, lakini ilinuka ndala iliyoungua. Nikaifunga chupa. Nilidhani ikipoa harufu itaisha.

Mchana wakaja wateja wa mama, askari wastaafu na wake zao. Kwetu mpishi hammiminii mtu kabla yeye mwenyewe hajamaliza glasi ya kwanza mbele ya macho yao, ndipo waamini haina sumu. Mama akainua glasi, ikafika puani, akasita. Miaka yote ile kwenye moshi, angekosaje kujua? Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. "Mama, usinywe" ingetosha kabisa. Sikusema, kwa sababu wangesikia kwamba fundi ameharibu.

Akanywa yote.

Mzee mmoja akanyoosha mkono apewe yake. Mama akaifunika chupa kwa kiganja.

"Leo hapana, afande. Nilichachua vibaya. Kosa langu mimi."

"Kah! Wewe, mama? Hebu fundi wako naye aonje, tuone."

Wote wakanigeukia.

"Mimi nimeokoka," nikasema. "Sinywi."

Uongo mtupu. Juzi yake tu nilikuwa Ggaba, ufukweni mwa ziwa, bia mkononi na samaki mezani, na mama alijua. Hakunisuta. Aliinamisha kichwa akaanza kukusanya glasi, na wateja wake wa miaka mingi wakaondoka wakisema mama amezeeka, mkono wake umepotea. Walisema kwa sauti. Nilisikia kila neno.

Alitapika mpaka jua likazama. Nilimshikia ndoo, nikimpangusa uso, nikitafuta pa kuanzia kuomba msamaha. Yeye akanitangulia. Akashika mkono wangu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Wewe hawakukucheka, sivyo?"