Punda Wawili Kwenye Kona

Katika kiwanda kimoja cha majiko ya gesi kulikuwa na kona, na kwenye kona hiyo alisimama mwanamke aliyeitwa Mama Kona. Alikuwa amesimama hapo miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka jina lake la kwenye kitambulisho. Hata mhasibu, akimwita, alisema, "Mama Kona, njoo utie sahihi."

Kona yenyewe ilikuwa kama mpaka wa nchi mbili zisizosikilizana lugha. Upande huu ulikuwepo mkanda wa mpira, mzee, wa kuvuma na kukohoa, unaohitaji grisi kama mgonjwa anavyohitaji uji. Upande ule ilikuwepo reli ya sumaku, mpya, kimya kama paka jikoni. Mwenye kiwanda alinunua reli kabla hajapata uwezo wa kuung'oa mkanda, kwa hiyo vitu viwili hivyo vilifungishwa ndoa ya kulazimishwa, na Mama Kona akawa mshenga wao.

Juu ya mkanda, kisha juu ya reli, zilipita sahani ngumu za plastiki, kila moja imebeba koki ya gesi, ile inayokaa nyuma ya kitasa cha jiko. Wahandisi waliziita vibebeo. Wafanyakazi waliziita punda, kwa kuwa kutwa nzima zilibeba mizigo ya wenyewe bila kuuliza zinakwenda wapi.

Kila punda alikuwa na namba tumboni. Mwanzoni mwa mkanda palikuwa na jicho la mashine lililomsoma namba hiyo, kisha akapita kwa mpimaji, koki yake ikajazwa hewa ijulikane kama inavuja. Koki mbovu haikupakwa rangi wala kupigwa mhuri. Mashine iliweka tu kichwani: punda fulani amebeba mbovu. Mwisho wa reli, mkono wa chuma ulimpokonya punda huyo mzigo wake na kuutupa kapuni. Koki nzima ziliendelea na safari mpaka kwenye majiko.

Shida ilikuwa hapo kati. Konani hapakuwa na jicho la pili. Mkanda uliikabidhi reli punda kwa foleni tu: wa kwanza ni huyu, anayemfuata ni yule. Reli haikuwa na namna ya kuhakikisha, iliamini. Ndiyo maana konani palikuwa na sheria moja tu: punda ukishamwinua, usimrudishe kwenye foleni. Bonyeza kitufe chekundu, simamisha mstari wote, wapeleke punda wote wa hapo kwenye jicho wakasomwe na kupimwa upya.

Sheria nzuri, ukiisoma ukutani. Lakini kitufe kikibonyezwa kiwanda kizima kinalala, na msimamizi anakuja mbio, shati limemtoka kwenye suruali, akiuliza ni nani huyo anayetaka watu wote wakose posho. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa na njia yao. Punda wawili wakibanana pale kwenye kupinda, unawainua, unafuta uchafu, unawarudisha kama walivyokuwa. Hiyo waliiita kuamua ugomvi. Hakuna aliyefundishwa, na hakuna asiyeijua. Mama Kona ndiye aliyekuwa bingwa. Mikono yake iliamua ugomvi mdomo ukiendelea na hadithi.

Na siku ile mdomo ulikuwa na hadithi kweli. Mama wa usafi alikuwa amesimama na ufagio wake, akieleza jinsi mkwe wake alivyokuja kusalimia na viatu viwili vya kushoto. Mama Kona alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno, pale punda wawili walipobanana. Wa mbele alikuwa Kipembe, aliyeitwa hivyo kwa kuwa pembe yake moja ilivunjika zamani, na ndiyo iliyokuwa ikikwama kila mara. Aliwainua wote wawili, akafuta, akawarudisha, akauliza, "Vya kushoto vyote? Na akatembea?"

Walipokwisha kupanda kwenye reli ndipo alipoona. Kipembe alikuwa nyuma ya mwenzake.

Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye kitufe chekundu. Ukakaa hapo. Aliliona shati la msimamizi, alizisikia kelele zake. Kisha mkono ukarudi mfukoni, na Mama Kona akajiambia kwamba punda ni punda, na koki nyingi ni nzima, na kwamba hata wakipishana, mzima kwa mzima hakuna anayeibiwa.

Kesho yake wakati wa chakula, fundi anayerekebisha vitu vya kapuni alipaza sauti kutoka meza ya pili.

"Hakimu! Jana umemfunga mtu hana kosa. Ile koki nimeipima mara tatu, haivuji hata kwa kuombewa."

Hakimu ndiye aliyekuwa mpimaji wa mstari ule, mtu wa miwani mikubwa na maneno machache, mume wa mdogo wake Mama Kona. Aliweka kijiko chini.

"Mashine yangu haisemi uongo."

"Basi imeanza kula rushwa!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama Kona alicheka kuliko wote, mpaka shemeji yake akageuka.

"Na wewe, shemeji?"

"Nacheka wanavyocheka," alijibu, akalirudisha tonge sahanini.

Kwa sababu hapo ndipo alipoelewa. Ikiwa asiye na kosa yumo kapuni, basi mwenye kosa amepita. Watu walikuwa wakimcheka Hakimu, na hakuna aliyeuliza mhalifu yuko wapi. Alikuwa ndani ya jiko moja, limefungwa vizuri, limebandikwa karatasi ya kusema limepimwa.

Mchana ule msimamizi alifunika mashine ya Hakimu kwa turubai mpaka ichunguzwe, na Hakimu akapelekwa kukunja maboksi pamoja na vibarua. Aliikunja kwanza aproni yake, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya turubai. Mama Kona aliyaona hayo kutoka konani. Angeweza kusema pale pale. Alipangusa reli ambayo haikuwa na vumbi.

Jioni mdogo wake alikuja, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni kama alivyozoea tangu utotoni.

"Dada, mwenzangu hajatia kitu mdomoni. Anajishika macho tu. Anasema labda kweli ameisha, wamtafute mtu mwingine. Wewe si uko pale pale? Umeona nini?"

"Mimi niko kwenye kona yangu. Sijaona kitu."

"Haya." Mdogo wake alitikisa kiberiti. "Ngoja nikupikie chai, maana na wewe uso umekuwa kama wa mtu aliyefiwa."

Aliinama, akafungua kitasa, akawasha njiti. Moto ukashika, wa buluu, mtulivu. Mama Kona alijikuta amemshika mkono.

"Nini wewe? Utaniunguza!"

"Basi," alisema. "Basi tu."

Hakuinywa chai. Kila alipofumba macho aliona mkono mwingine, wa mtu asiyemjua, ukitikisa kiberiti.

Asubuhi hakwenda konani. Alikwenda kwa injinia, binti aliyekuwa amezungukwa na nyaya, mswaki wa kusafishia vifaa ukiwa mdomoni.

"Mwanangu, ile koki ya kapuni. Shemeji yangu hana kosa. Niliwapishanisha punda mimi."

Injinia aliutoa mswaki. "Punda gani, mama?"

"Kipembe. Alikuwa mbele, nikamrudisha nyuma. Na nikaona. Sitaki nikudanganye kwamba sikuona."

Binti hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Alimfuata Kipembe, akamgeuza tumbo, akasoma namba, akaenda kuuliza mashine: juzi, punda huyu alipohukumiwa, nani alikuwa akimfuata kwenye foleni, na koki yake ilifungwa kwenye jiko lipi? Mashine ilikuwa inajua yote hayo. Haikujua tu kwamba mtu aliwainua punda wawili na kuwarudisha wamepishana.

Jiko lilikuwa bado ghalani, katikati ya rundo lililokuwa likisubiri lori. Wapakiaji walianza kuyashusha ya juu, mmoja akinung'unika kwamba watu wa ofisini hawana kazi. Hakimu aliitwa kutoka kwenye maboksi. Aliunganisha gesi, akapiga povu la sabuni, akalipaka nyuma ya vitasa, taratibu. Kwenye kitasa cha tatu povu lilitulia kidogo. Kisha kiputo kimoja kikatoka, kikavimba, kikapasuka. Kikafuata kingine.

"Ndiyo hii," alisema.

Msimamizi alimgeukia Mama Kona. "Kwa nini hukubonyeza kitufe?"

Mama Kona alilitazama shati lake lililomtoka, bila hasira. Msimamizi akaanza kuchomekea shati.

Injinia ndiye aliyeuliza lililobaki, tena kwa sauti ya chini, kama mtoto anayemuuliza mzazi jambo zito. "Mama, umewahi kuamua ugomvi mara ngapi?"

Alizikumbuka hadithi zote alizosimuliwa pale konani, harusi, misiba, wakwe. Mikono haikukumbuka kitu.

"Sijui, mwanangu."

Wapakiaji waliacha kunung'unika. Kila mmoja wao aliwahi kushika zamu konani.

Hakimu alifuta mikono yake. Wote walitegemea atasema kitu kuhusu mashine yake. "Shemeji," alisema, "jana ulicheka." Akarudi kuondoa turubai.

Jicho la pili lilifungwa konani wiki hiyo hiyo, na Mama Kona akahamishiwa kwenye maboksi. Hakulalamika. Siku ya kwanza aliyotoka mapema, alipita nyumbani kuchukua bakuli, sabuni na sifongo, akaenda kwa mdogo wake. Jiko lao lilitoka kiwandani, kama majiko ya karibu nyumba zote za mtaa ule. Alipiga magoti nyuma yake, akapaka povu kitasa hadi kitasa, akalikodolea macho mpaka povu likaanza kukauka lenyewe.

"Halivuji, dada," mdogo wake alisema kutoka mlangoni. Yote alikuwa ameshayasikia kwa mumewe. "Inuka, magoti hayo si ya msichana."

"Hili halivuji," alisema Mama Kona.

Akaongeza maji kwenye bakuli, akatoka, akaenda kubisha hodi nyumba ya pili.