Jina Lililotoka Garini

Dada yangu ni fundi umeme wa magari, na akishikilia jambo, ameshikilia. Naishi naye, najua ninachosema.

Mumewe alipofariki alituachia gari kuukuu lililotoka Japani, na mbwa asiye na jina. Ndiyo, hana jina! Marehemu alikuwa akimpigia mluzi tu, na nyumba nzima hakuna aliyeuweza mluzi ule. Mimi nikamwita Bosi, watoto wakamwita Simba, na mbwa asimsikilize yeyote. Kazi yake ikawa kutoroka kwenda barabarani kumngoja mwenyewe.

"Huyu atagongwa," shemeji, kaka wa marehemu, akasema. "Jumamosi nakuja na kamba. Akalinde ghala langu."

"Haendi popote," dada akajibu. "Sisi wawili ndio tunaomngoja bado. Ukimchukua, nabaki na nani?"

Siku hiyohiyo akawasha gari. Yule mama wa Kijapani anayesema ndani ya redio ya gari kila likiwashwa akaanza maneno yake. Marehemu alikataa katakata asitolewe, ati ndiye abiria pekee asiyebishana naye. Mbwa akachomoka chini ya meza, mkia juu, kama vile mwenyewe amerudi. Mama akamalizia kama kawaida yake: kudasai, yaani 'tafadhali' ya Kijapani.

"Kudasai," dada akarudia. Mbwa akamgeukia. "Basi, jina limepatikana."

Nikaangua kicheko. "Jina gani hilo? Watu watatushangaa!"

"Washangae. Wewe na Bosi wako, alikuja?"

Nikafyata mkia mimi.

Kuanzia hapo, kila asubuhi ni kuwasha gari, kuita, kipande cha nyama. Kisha kuita bila gari. Sote jina moja. "Atakayemwita Simba tena, chai atajipikia," dada akatangaza, na hakuwa na utani.

Jumamosi shemeji akafika na kamba yake, akaacha geti wazi. Mbwa huyo, mbio barabarani! Lori lilikuwa linakuja.

"We mbwa! We!" shemeji akapiga kelele. Wapi!

Dada akatoka chini ya boneti, mikono imejaa grisi. "Kudasai!"

Mbwa akasimama ukingoni mwa barabara, akageuka. Lori likapita. Akarudi, akajilaza miguuni pa dada, naye dada akaketi hapohapo kwenye changarawe, akalia. Tangu mazishi hakuwa amelia.

Shemeji akaikunja kamba, akaitia mfukoni. Akachuchumaa karibu nao.

"Shemeji," akasema, "nifundishe na mimi kumwita."