Masaa Manne ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu ni muuza nyama, na hamwamini mtu. Ajuaye kuficha mfupa chini ya mnofu huona mfupa kila mahali. Akiigusa mizani kwa kidole cha mwisho, kilo inatimia kabla ya wakati wake. Wateja wanajua, wananung'unika, na kesho wanarudi, maana hakuna bucha lenye vichekesho kama lile.

Mtu mmoja tu ambaye mama mkubwa alikuwa hajamsamehe ni mwanawe wa pekee, kaka yangu anayeishi ng'ambo. Baba mkubwa alifariki alfajiri, tukamzika saa kumi jioni siku ileile, na kaka hakuja. Alisema kwenye simu, "Mama, huku ni mbali." Miaka mitatu mama mkubwa akawa analitafuna neno hilo kama gegedu.

Juzijuzi kaka akamtumia tiketi. Mama mkubwa akavaa miwani, akaisoma mbele ya wateja: ndege inaondoka saa nne asubuhi, inafika saa nane mchana, tarehe ileile.

"Masaa manne!" Akapiga panga kwenye gogo. "Mbali gani hiyo? Mimi machinjioni kwenda na kurudi ni masaa manne!"

Nikamweleza kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa masaa manane, kwa hiyo safari ni masaa kumi na mawili.

"Kwani jua la huko linaamka na uchovu?"

"Mama, dunia ni duara."

"Duara ni hicho kichwa chako. Naenda kumzaba kofi mwongo yule, kisha narudi kazini."

Akaenda. Yaliyotokea huko juu kanisimulia mwenyewe. Saa yake ya mkononi ilipofika saa nane, alibeba mkoba akasimama mlangoni. Mhudumu akamrudisha kitini.

"Dereva kapotea?" akauliza.

Mhudumu akamwashia ramani kwenye kioo kilicho mbele yake. Kindege kilikuwa kimeganda juu ya bahari. Huku jirani akimkoromea begani, mama mkubwa alikikodolea macho, akikitukana kimoyomoyo.

Saa yake ikaonyesha saa kumi. Kindege kilikuwa katikati ya maji, nusu ya njia. Saa kumi ndipo tulipomshusha mumewe kaburini. Akamfikiria kijana wake amefungwa mkanda kwenye kiti kama kile, hana pa kushukia, na sisi huku tunatupia udongo. Hapo akalia kwa sauti, mpaka jirani akaamka na kuuliza kama ndege inaanguka.

Uwanjani kaka alimngoja amekaza taya, maana nilikuwa nimemtonya kuhusu kofi. Mama mkubwa akaweka mkoba chini, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Hata ungeruka alfajiri ileile," akamwambia, "usingemuwahi. Nisamehe, baba."